Kaktasi takatifu si dawa ya wikendi

Pita kwenye vitalu vya miche kando ya barabara Nairobi uone jinsi kaktasi zimeshika. Dungusi, kwa wale wa Kiswahili sanifu. Wateja wengi ninaowaona ni vijana wa bedsita kama mimi, na sababu iko wazi: mmea haudai maji kila siku, unatoshea dirishani, na hauulizi kodi italipwa lini.

Hapo sina neno. Shida yangu ni na msee aliyeona video mtandaoni, akasikia kuna kaktasi "takatifu" zinazofungua roho, sasa anauliza mambo mawili tu: inapatikana wapi na ni pesa ngapi? Haulizi inachukua muda gani kukua. Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali lenye roho ndani yake.

Chukua peyote. Ni kaktasi ndogo isiyo na miiba, ya jangwa la Mexico na kusini mwa Texas. Watu wa jamii ya Wixárika wanaiita hikuri, na kwao hikuri, kulungu na mahindi ni kitu kimoja. Hawaagizi iletwe mlangoni. Wanafunga safari ya kuhiji kutoka milima ya Sierra Madre hadi Wirikuta, jangwa lililo San Luis Potosí, wakisimama kusali njiani. Mwaka wa 2025 UNESCO iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Yaani utakatifu unaanza kabla mtu hajaugusa mmea. Uko kwenye miguu, kwenye wazee, kwenye ruhusa.

Sasa, peyote ikiota kutoka kwa mbegu jangwani inaweza kuchukua miaka 10 au zaidi kukomaa. Anayejua kuvuna hukata kichwa tu na kuacha mzizi uchipuke tena. Mwizi hung'oa wote. Ndiyo maana mmea huu sasa umo kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini. Kule Marekani, waumini wa Native American Church, kanisa lililosajiliwa Oklahoma mwaka wa 1918, walipigania haki ya kuutumia kwenye ibada hadi sheria ikawalinda mwaka wa 1994. Wamepata haki, mmea nao unaadimika. Fikiria hilo kabla ya kuitisha mtandaoni.

Kuna atakayeniambia, "Buda, mmea ni wa Mungu, hauna mwenyewe." Sawa. Basi mgeni aje hapa, abandue gome la mugumo ambapo wazee wa Agikuyu husali, aliuze kwa pakiti kama tiba ya nafsi. Ama aingie kwenye msitu wa kaya kule Pwani na shoka, bila kuwauliza wazee wa Mijikenda. Si tungepiga kelele hadi asubuhi? Heshima tunayodai kwa miti yetu, tuwape wengine kwa yao.

Je, nakwambia usipande? La. Panda! Ila anza na San Pedro, ile kaktasi ndefu kama nguzo ya milima ya Andes, Peru na Ecuador. Imeheshimiwa tangu kale: kwenye hekalu la Chavín de Huántar kuna jiwe lililochongwa kiumbe ameishika mkononi. Jina lenyewe ni la Mtakatifu Petro, mwenye funguo za mbinguni. Inakua haraka kuliko peyote, na kwa vile imezoea milima, hewa ya Nairobi haiwezi kuisumbua sana.

Ukipewa kipande na rafiki, usikizike siku hiyo hiyo. Kiache kivulini wiki mbili hivi hadi kidonda kikauke, la sivyo kitaoza. Changanya udongo na mchanga na kokoto, toboa mkebe chini. Maji, subiri udongo ukauke kwanza. Halafu ngoja miaka. Siku ikiamua kuchanua, maua ni meupe, makubwa, na hufunguka usiku.

Na usiile. Ndani yake mna meskalini, ambayo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaidhibiti vikali, na mahakama haitakuuliza kuhusu safari yako ya kiroho. Tena usikate kila kitu chenye miiba. Ile miti ya mikono mingi unayoiona ukielekea Nakuru si kaktasi, ni yuforbia, na maziwa yake yanaweza kukuumiza macho vibaya.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua vile mtaa unakuhesabia siku: umeomoka ama bado? Kila mtu anataka matokeo kufikia mwisho wa mwezi, hata amani ya moyo tunaitaka ya papo hapo. Kaktasi inakaa pale dirishani miezi sita, huoni kama imesonga, kumbe huko chini inatafuta mizizi. Kuitunza bila kuidai chochote ni ibada tosha kwa mtu wa ghorofa ya nne. Hiyo nyingine ina wenyewe, na tuwaachie.