Karani, Bodaboda na Lawama za Msimu wa Ufuta

Msimu wa ufuta ukifika, magari yanayotoka Milola alfajiri kwenda Lindi mjini hujaa watu wa safari moja: benki. Mzigo umeshapimwa, mnada umeshapita, na hela inasemekana "imeingia". Mji haujaonekana, hukumu zimeshatolewa. Makarani wavivu, benki wezi, madereva wa mjini vichaa, bodaboda wauaji. Nimezisikia hoja hizi mpaka nimezikariri. Nyingine zina ukweli ndani yake, nyingine hazina hata chembe, na karibu zote zinamkamata yule aliye mbele ya macho na kumwachia aliyesababisha. Nitazijibu jinsi zinavyosemwa.

"Foleni ni uvivu wa makarani."

Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Foleni ya Juni haitengenezwi dirishani. Huku kwetu ufuta hutoka shambani kuanzia Mei, korosho hufuata kuelekea Oktoba, na zote mbili huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, AMCOS inaupeleka ghala kuu, chama kikuu, yaani Lindi Mwambao, kinaitisha mnada, mnunuzi analipa, ndipo fedha zinashuka kwenye akaunti za wakulima. Matokeo yake kijiji kizima kinalipwa ndani ya siku zilezile pamoja na vijiji jirani. Mtu ambaye tangu mwaka uanze hakukanyaga benki anafika siku moja na mashemeji zake, majirani zake na wadai wake.

Halafu tazama kinachotokea mtu akifika dirishani. Mama mmoja anatoa kadi ya benki, imeandikwa Somoe. Anatoa kitambulisho cha NIDA, kimeandikwa Somoye.

"Mama, jina la hapa silo la huku."

"Mwanangu, si mimi huyohuyo? Kwani sura si unaiona?"

Karani anaiona sura vizuri sana. Lakini herufi moja hiyo ikimpita, na fedha ikachukuliwa na asiye mwenyewe, atailipa yeye. Kwa hiyo anainuka, anakwenda kwa msimamizi, anarudi na fomu, anamsomea mama fomu, anatafuta wino wa dole gumba. Nyuma watu wanaguna. Anayefuata ana akaunti iliyolala, kwa sababu anaigusa mara moja kwa mwaka na benki imeiona haina uhai. Nayo ni lazima iamshwe. Wa tatu anataka hela yote, keshi, ihesabiwe mbele yake, kisha ihesabiwe tena. Na ana haki. Ni jasho lake.

Sasa, lawama ipo, wala sisemi haipo. Ukiingia ndani ukakuta madirisha matano na watu wamekaa kwenye mawili, hapo kuna mtu wa kuulizwa, na mtu huyo si kati ya hao wawili wanaofanya kazi. Minada hutangazwa. Tarehe zinajulikana. Benki inayojua kalenda ya ufuta kama inavyoijua kalenda ya mishahara, na bado isiongeze watu wiki ya malipo wala isipeleke gari lake la huduma Milola au Rutamba, imeamua kwamba muda wa mkulima hauna bei. Hilo mwambie meneja, kwa maandishi. Ukimfokea binti wa dirisha la pili utaondoka na koo kavu tu.

Na tusijisahau wenyewe. Foleni hurefushwa pia na yule bwana anayepita pembeni akisema "mimi nauliza tu", akauliza, akajibiwa, akatoa kadi, akahudumiwa. Nyuma yake wa pili naye "anauliza tu". Mbona kwenye lawama za asubuhi garini huyu hatajwi? Nadhani ni kwa sababu naye yumo garini.

"Mtandao uko chini ni kisingizio."

Mara nyingine ni kweli tupu. Mei 2024 mtu wa Lindi aliyapata yote kwa mpigo. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika, mafuriko yakaikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga na kwingineko. Tarehe 12 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zikakatika upande wa Afrika Kusini, na nchi nzima ikasuasua. Hakuna karani aliyekata waya ule. Kosa la benki zetu ni kunyamaza. Watu wanasimama tangu saa mbili, saa tano ndipo mlinzi, siyo meneja, anatoka kusema warudi kesho. Anayetoka Milola "kesho" ni nauli nyingine ya kwenda na kurudi, na angeambiwa saa mbili na nusu angewahi shughuli zake.

"Hela imeingia zamani, wanaizungusha kwanza."

Ladha ya hoja hii ni kwamba haihitaji ushahidi. Mnyororo niliouelezea una mikono mingi, na hela inaweza kukwama kwenye mkono wowote. Mnunuzi anaweza kuchelewa kulipa. Orodha ya AMCOS inaweza kuwa na namba ya akaunti yenye tarakimu moja iliyokosewa, ikarudi, ikasahihishwa, ikapelekwa tena. Mfano mkubwa tunao: msimu wa korosho wa 2018. Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma, na Novemba Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakaanza na uhakiki, nani ana shamba, nani hana, na uhakiki ukaingia mwaka 2019 huku watoto wakitakiwa shuleni. Watu walirundikana benki wakiwatukana makarani kwa fedha ambayo haikuwa imefika kwenye akaunti hata kidogo.

Kabla ya kupanda gari, basi, muulize katibu wa AMCOS swali moja: orodha yetu imepelekwa lini? Akijikuna kichwa, umeshajua hela iko wapi.

"Bora kangomba, anakupa mkononi."

Hapa sitakuwa mpole. Kangomba, yaani mnunuzi wa chini kwa chini anayekwepa mnada, anakupa mkononi kwa sababu anakuja wakati huna ujanja: mtoto anaumwa, akiba ya chakula imekwisha, korosho bado ziko juu ya mti. Tuseme una kilo 500 na amekupunja shilingi 800 kila kilo. Hizo ni shilingi 400,000 zimekwenda. Piga hesabu ya nauli ya Lindi, ongeza makato ya benki, ongeza chai na chapati mbili, ongeza na siku iliyopotea. Hufiki. Chomachoma wa ufuta ni ndugu yake huyohuyo. Anayesema bora kangomba kwa kuwa benki ina foleni anakwepa kero ya siku moja kwa kulipa nguvu ya msimu mzima.

Ila nikiri kwamba anayeuza kwa kangomba mara nyingi hakukimbia foleni. Amekimbia njaa ya Februari. Dawa yake ni mkopo mdogo wa chama kabla ya mavuno, na hapo ndipo vyama vyetu vingi vimelala usingizi wa pono.

"Makato yote ni wizi wa benki."

Makato mengine ni ya benki, mengine ya Serikali. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala ya simu, ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, mawakala walitukanwa kutwa kwa jambo lililopitishwa bungeni; Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na waliolalamika mahali panapohusika ndio walioipunguza. Ya benki nayo yana kanuni. Tangu 2019 zipo kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha: benki inatakiwa ikuoneshe gharama zake, na ipokee malalamiko yako. Usiporidhika na jibu lake, unayapeleka Benki Kuu yenyewe, ambayo ina tawi Mtwara. Na wakala wa benki akikuambia "niongezee ya kwangu, mjomba", hiyo si gharama ya muamala. Kamisheni yake analipwa na benki.

Haya, umetoka benki na hela yako. Unavuka barabara, unapanda bodaboda, na hoja za asubuhi zinabadilisha somo.

"Kwenye kipilefti mwenye haki ni aliyetangulia kuingiza pua."

Si kweli. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayezunguka tayari anakujia kutoka kulia, na yeye ndiye anayepishwa. Unasubiri, anapita, unaingia. Ukubwa wa gari hauhusiki, wala namba yake ya usajili, wala haraka yako. Sababu yake ni ya hesabu: wanaoingia wakipewa haki, kipilefti kinajaa, aliyemo ndani hawezi kutoka kwa sababu mbele kuna aliyeingia, na aliyeingia hawezi kusogea kwa sababu mbele kuna asiyeweza kutoka. Waingereza walikaa miaka mingi na vipilefti vinavyojifunga namna hiyo mpaka Novemba 1966 walipoifanya kanuni ya kumpisha wa kulia kuwa ya lazima kila mahali. Paris, kwenye mzunguko mkubwa wa Arc de Triomphe, anayeingia bado ndiye mwenye haki. Wanaopita hapo wana simulizi zao.

"Ukienda moja kwa moja, washa hazadi."

Hii ni ya dereva mwenye uzoefu, ndiyo maana ni mbaya kuliko zote. Anaifundisha kwa utulivu, mkono mmoja kwenye usukani. Sasa simama pembeni mwa kipilefti umtazame. Amewasha taa zote nne. Wewe uliyeko kushoto kwake unaiona pembe moja tu ya gari. Ya pili imefichwa na bodi. Unachokiona ni indiketa ya kushoto inayowaka. Unaamini anatoka hapo kwako. Unaingia. Haendi kushoto, anakujia na gari kifuani. Tena kwa kuwasha zote nne amejinyima indiketa, ile ya kushoto aliyotakiwa kuiwasha akishapita mkono wa kwanza, ili wa mbele wajue anatoka. Hazadi ni ya gari lililokwama au lililo hatarini. Kwenda moja kwa moja hakuhitaji taa yoyote wakati wa kuingia. Nimemsikia dereva akijibu kwamba trafiki mwenyewe huwasha. Inawezekana. Trafiki naye alifundishwa na mtu.

"Tatizo ni bodaboda."

Nusu. Bodaboda anayekatiza upande wa kulia wa kipilefti ili asizunguke, akikutana na lori uso kwa uso, hana mtetezi, hata mimi. Lakini nani alimfundisha? Wengi wamejifunza kwa mwenzao, jioni mbili kwenye uwanja wa mpira wa kijiji, kisha wakashuka mjini na abiria mgongoni. Wanaowakodisha pikipiki kwa hesabu ya kila siku hawaulizi leseni, wanauliza hesabu. Na abiria naye, mzima, mwenye akili zake, ndiye anayemwambia "pita hapahapa shekhe, nimechelewa".

"Huku kwetu hakuna magari, hayo ni mambo ya Dar."

Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, Dar ilisogea. Kijana wa Milola anayejifunza kuendesha kwenye vumbi mwaka huu, mwaka ujao yuko Dar, kwenye mzunguko wa Mnara wa Askari, na kirikuu cha tajiri wake, akiwa amezungukwa na watu wenye haraka kuliko yeye.

"Vipilefti viondolewe, ziwekwe taa."

Wanaosema hivi wanadhani duara ndilo linaloleta ajali. Kwenye njia panda ya kawaida ya barabara nne, kuna sehemu 32 ambazo magari yanaweza kugongana. Kwenye kipilefti cha njia moja zipo 8, na mgongano wake huwa wa ubavu na wa mwendo mdogo. Wamarekani, ambao hawakuvipenda vipilefti, walichunguza mwaka 2000 njia panda zilizogeuzwa kuwa vipilefti na kukuta ajali zenye majeruhi zimepungua kwa kama robo tatu. Mji mdogo wa Carmel, jimbo la Indiana, sasa una zaidi ya 150. Taa za barabarani zinataka umeme, na umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni kila dereva anakuwa trafiki. Duara halikatiki. Kinachokosekana kwenye mengi ya kwetu ni vitu vya bei ndogo: kibao cha pembetatu kisichofunikwa na mabango, mstari wa rangi ambao masika haijaufuta, na mtahini anayemzungusha dereva mpya kwenye kipilefti, mara mbili tatu, kabla ya kumtilia sahihi ya leseni.