Safari za Wanafunzi Ulaya: Wachache Wanapanda Ndege, Wengi Wanabaki Kijiweni

Makamanda, kila mwaka picha ni ileile. Vijana kumi na kitu wamevaa fulana zinazofanana pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, bendera ya taifa mbele, kiongozi amesimama katikati kana kwamba yeye ndiye anayesafiri. Chini ya picha wameandika: wanafunzi wetu waenda Ulaya kujifunza fursa za ajira. Chawa wanapiga makofi. Wiki tatu baadaye vijana wanarudi, fulana zinafuliwa, na hakuna anayeuliza walijifunza nini.

Mimi nauliza, kwa sababu niliwahi kuivaa fulana hiyo. Nikiwa kidato cha tano, miaka michache iliyopita, nilikwenda Hamburg, Ujerumani, jiji lenye urafiki rasmi na Dar es Salaam tangu 2010. Haikuwa safari ya utalii. Tulipelekwa kuona kijana wa rika letu anatokaje darasani na kuingia kazini. Wiki ya kwanza tulikaa shuleni na wenyeji wetu, wiki mbili zilizofuata kila mmoja alipangiwa sehemu ya kazi. Wapo waliokwenda hotelini, wapo waliokwenda hospitali, mimi nilipelekwa karakana ya umeme.

Sitawachosha na habari za baridi na treni. Nataka kusema mambo matatu niliyoyaona kule, halafu tuulizane kwa nini hapa kwetu hayapo.

La kwanza ni namna wanavyoanza. Kule mwanafunzi wa darasa la tisa au la kumi anapelekwa kazini wiki mbili au tatu, na ni sehemu ya masomo. Mtoto wa miaka 15 ameshaona ndani ya duka la dawa, karakana au ofisi ya mhandisi. Anarudi darasani akiwa anajua anachokitaka, au walau asichokitaka. Ukienda kituo cha taarifa za kazi cha serikali unapewa ushauri bure, huulizwi baba yako nani. Sisi siku ya taaluma shuleni kwetu ilikuwa hivi: mgeni rasmi anachelewa saa tatu, anatuambia tusome kwa bidii tuwe madaktari na wanasheria, tunakula wali, tunarudi mabwenini.

La pili ni malipo na mkataba. Asilimia kubwa ya vijana wa Ujerumani hawaendi chuo kikuu moja kwa moja. Wanaingia uanagenzi wa miaka miwili hadi mitatu na nusu, siku tatu au nne za wiki wapo kazini, siku moja au mbili wapo chuo cha ufundi. Sheria yao ya mafunzo ya ufundi ni ya 1969, na zipo fani zaidi ya 300 zinazotambulika, kuanzia fundi bomba hadi karani wa benki. Mwanagenzi anasaini mkataba na mwajiri. Analipwa. Tangu 2020 sheria imeweka kima cha chini: mwaka huo ilikuwa euro 515 kwa mwezi kwa aliye mwaka wa kwanza, na 2025 ilifika euro 682. Ndiyo, maisha kule ni ghali na hela hiyo si utajiri. Lakini anayejifunza kazi halipi ili afanye kazi. Hapo ndipo pointi yangu ilipo.

Dogo niliyepangiwa kumfuata alikuwa na miaka 18. Alikuwa na daftari ambalo kila wiki anaandika kazi alizofanya, kifaa gani kafunga, kosa gani kalifanya na kalirekebishaje. Fundi wake anasoma, anauliza, anasaini. Bila daftari hilo haruhusiwi kukaa kwenye mtihani wa mwisho. Na sisi tuna logibuku za fildi, tusidanganyane. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anatafuta nafasi mwenyewe, nauli mwenyewe, chakula mwenyewe. Akifika anatumwa chai na fotokopi, na siku ya mwisho mtu anasaini kurasa zote kwa mkupuo mmoja huku anaongea na simu. Kule sheria inasema wazi kwamba mwanagenzi apewe kazi zinazohusu mafunzo yake tu. Ukimgeuza kijana kuwa mtu wa kufagia na kununua maandazi, umevunja sheria.

La tatu ndilo lililonishtua kuliko yote. Ukutani karakana ile palikuwa na tangazo la uchaguzi. Nilidhani ni wa serikali ya mtaa. Kumbe ni wa wawakilishi wa vijana na wanagenzi mahali pa kazi! Kwa sheria yao, penye baraza la wafanyakazi na vijana wa aina hiyo wasiopungua watano, wanachagua mwakilishi wao. Yule dogo akaniambia, tena kwa utulivu kabisa, kwamba mwaka uliotangulia walilalamika kuhusu zamu, mwakilishi wao akakaa na uongozi, zamu zikabadilishwa. Hakuna aliyeitwa mchochezi. Hakuna aliyeambiwa ametumwa.

Nilikaa kimya, nikafikiria serikali ya wanafunzi ya shuleni kwetu, ambayo rais wake tulimpigia kura na uongozi ukamtangaza mwingine. Mnacheka, lakini ndiyo shule ya kwanza ya siasa tunayosoma wengi wetu. Tunafundishwa mapema kwamba kura ni mapambo.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapo ndipo penye uchungu.

Nilivyopata nafasi ile ni hivi. Tangazo halikubandikwa popote. Majina yalisomwa mstarini asubuhi moja, na kila mtu alijua yule ni mtoto wa nani na yule ni mpwa wa nani. Jina langu halikuwepo. Niliingia dakika za mwisho baada ya mmoja wao kukosa pasipoti kwa wakati, na mwalimu wa fizikia akapigania nafasi ibaki kwa mwanafunzi wa sayansi. Kwanza kabisa alimpendekeza rafiki yangu wa Mbagala, aliyekuwa akituongoza wote fizikia. Rafiki yangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na nyumbani kwao shilingi 150,000 za pasipoti hazikupatikana kwa siku nne. Ndiyo nikaitwa mimi. Leo anatengeneza simu kitaani, na nawaambia ukweli, mikono yake ni mizuri kuliko ya wengi niliowaona Hamburg. Alichokosa ni karatasi na mtu wa kumjua.

Watu hudhani kikwazo ni viza. Kwa viza ya Schengen, wanafunzi wanaokwenda kwa masomo pamoja na walimu wao wamesamehewa ada. Kinachowaumiza maskini ni vinavyoizunguka: pasipoti, tiketi, bima inayofika euro 30,000, taarifa za benki za mzazi. Mzazi anayeuza mchicha taarifa za benki atazitoa wapi? Wenzao wa Hamburg walipokuja kwetu walilipa viza ya dola 50 na kupita. Kubadilishana gani huku, mmoja anabisha hodi na mwingine anaingia na viatu?

Najua yapo majibu tutakayopewa. La kwanza: serikali inafanya, mitaala mipya imeanza Januari 2024, kuna mkondo wa amali sekondari, kuna programu ya uanagenzi. Sikatai. Mkondo wa amali ni wazo zuri na tuliudai kwa miaka. Lakini amali bila karakana ni jina tu kwenye ratiba. Fundi hafundishwi ubaoni. Na kama shule imejengwa vyumba vinne bila mashine hata moja ya kuchomelea, huyo mtoto atamaliza kidato cha nne akiwa amechora mashine, hajaigusa.

Jibu la pili: hela hakuna. Hapa nataka vijana tuwe makini, kwa sababu hela ya mafunzo ya ufundi ina jina. Inaitwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL ambayo mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na zaidi anakatwa kwa kila shilingi ya mshahara anayolipa. Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Waajiri wamelalamika kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya fedha hiyo haifiki kwenye mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo swali ni hela ipo wapi na imefanya nini. Tuletewe hesabu, wilaya kwa wilaya, chuo kwa chuo.

Jibu la tatu linatoka hata kwa wenzetu: acheni kuwaabudu Wazungu. Nalijibu kwa heshima. Ujerumani si peponi. Kule watoto wanagawanywa kwenye mikondo ya shule wakiwa na miaka kama 10, na vijana wenye majina ya kigeni walituambia wanatuma barua nyingi zaidi kabla ya kuitwa usaili. Na historia hatujaisahau. Hamburg hiyohiyo, eneo la Jenfeld, zipo sanamu za askari wa Afrika Mashariki zilizosimamishwa kuitukuza enzi ya ukoloni. Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha kwa mauaji ya Maji Maji. Tulikwenda tukijua hayo. Kujifunza mfumo wa mtu si kumpigia magoti. Ukiona jirani kachimba kisima kizuri, unaangalia kamba aliyotumia hata kama mna ugomvi wa mpaka.

Na lipo jambo la nne, ambalo hawalisemi hadharani. Wanafurahi tukiondoka. Kenya walisaini makubaliano ya ajira na Ujerumani pale Berlin Septemba 2024, na hapa kwetu tayari nasikia watu wakisema dawa ya ukosefu wa ajira ni kupeleka vijana nje. Anayetaka kwenda aende, tena kwa mkataba na heshima, simzuii. Ila serikali inayojivunia kusafirisha vijana wake ni kama mkulima anayejisifu kuuza mbegu. Katika kundi letu, jioni ya mwisho, karibu wote tuliulizana swali moja: unabaki vipi huku? Sikumlaumu mtu. Kijana akiona kwa wiki tatu kwamba anayejifunza analipwa na anasikilizwa, halafu anajua nyumbani kinachomsubiri ni bodaboda ya mkopo na mikeka ya kubeti, atauliza hivyo. Swali lile ni hukumu kwa wanaotutawala.

Kwa hiyo tunadai nini? Nayaweka mafupi ili yasambazwe.

Moja, kila nafasi ya safari ya wanafunzi itangazwe hadharani kwa vigezo, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe na alama zao. Sehemu maalumu iende shule za kata.

Mbili, mwanafunzi aliyechaguliwa asikwamishwe na pasipoti wala cheti cha kuzaliwa. Halmashauri ilipie, igharimie ile 150,000. Magari ya msafara yanatumia mafuta zaidi ya hapo kwa siku moja.

Tatu, waliosafiri warudi na ripoti, waisome mbele ya wenzao na mbele ya baraza la madiwani. Safari isiyo na ripoti ni matembezi.

Nne, uanagenzi uwe na mkataba na posho inayolipwa kutoka SDL, na kijana asitumwe chai.

Tano, penye wanagenzi pawe na mwakilishi waliyemchagua wenyewe, na kura zihesabiwe mbele yao.

Makamanda, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda. Kama hamna diwani wetu, nenda hivyo hivyo, kaa nyuma, sikiliza, na kabla ya kikao mpe diwani wa kata yako swali kwa maandishi: mwaka huu ni wanafunzi wangapi wa kata hii wamepata nafasi ya mafunzo kazini, na nani aliwachagua? Omba akugongee muhuri kwenye nakala yako. Asipojibu, piga picha karatasi hiyo, tutumie. Tutaziweka zote hapa, kata moja baada ya nyingine, mpaka mtu ajibu.