Kabla hajaondoka, ajue kupika

Kijana wa Kilwa Masoko akipata nafasi ya kusoma China, wazee humpa wasia ule ule: soma, swali, usile haramu. Wasia mzuri, ila haumfundishi kuitambua haramu iliyoandikwa kwa Kichina.

Kwa Kichina neno la nyama, "rou", likisemwa peke yake kwa kawaida humaanisha nyama ya nguruwe. Ya ng'ombe ni "niurou". Anayeomba mboga tupu anaweza kuletewa majani yaliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na mpishi akaona amemtendea wema. Neno la kumwokoa kijana ni "qingzhen", linaloandikwa 清真, yaani chakula cha Kiislamu. Migahawa ya Waislamu wa kabila la Wahui, maarufu kwa tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou, huliweka mlangoni. Vyuo vingi vina kantini yenye maandishi hayo. Basi mzazi aulize mapema, kabla ya tiketi kukatwa: kantini hiyo ipo? Na bwenini kuna jiko? Hilo la pili husahaulika, nalo ndilo zito.

Anayekwenda India ana nafuu. Pakiti za vyakula kule zina alama: nukta ya kijani ndani ya mraba maana yake hamna nyama, samaki wala yai. Alama ya kahawia maana yake kuna kimojawapo, lakini haisemi mnyama alichinjwa vipi. Kwa mtoto wa Lindi, kijani si adhabu. Mbaazi zinazolimwa Lindi na Mtwara husafirishwa hadi India, na huko hukobolewa na kupikwa mchuzi mzito karibu kila siku. Atakula mazao ya nyumbani bila kujua.

Si Waislamu peke yao wenye shida hii. Msabato asiyegusa kamba wala pweza (na kwenye pwani hii amezoea kutaniwa) atahitaji kuuliza vile vile. Mwenye mzio ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu kosa lake halisubiri toba. Sehemu nyingi za China hukaangia mafuta ya karanga. Mtoto anayevimba midomo akila karanga au korosho asiondoke bila barua ya daktari, dawa zake, na karatasi ndogo ya kumwonyesha mpishi, iliyoandikwa kwa lugha ya huko na mtu anayeijua. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zina unafuu: sheria inataka vyakula 14 vinavyoleta mzio, zikiwemo karanga, korosho, samaki na kamba, vikionekana wazi kwenye orodha ya viambato vya pakiti.

Akina mama hupenda kujaza sanduku. Viungo vya pilau havina matata sana, ila nyama na maziwa hukataliwa forodhani katika nchi nyingi. Ng'onda ziulizwe kwanza ubalozini. Harufu yake bwenini ni kesi nyingine.

Hatari kubwa iko kwingine kabisa. Kijana anayeogopa kukosea huacha kula. Anaishi kwa mkate, chai na biskuti wiki baada ya wiki, anakonda, anasinzia darasani, na kwa simu anasema yuko salama. Baba anayefoka kila akisikia neno "kantini" anamfundisha mtoto kuficha. Dini yenyewe haimhesabii dhambi aliyekula bila kujua. Kijana alisikie hilo kwa baba yake kabla ya safari, asije akabaki peke yake na hofu ugenini.

Halafu lipo suala la jikoni. Nyumba nyingi za pwani bado zina mvulana wa miaka 19 ambaye hajawahi kukuna nazi wala kujua maji ya wali yanapimwaje. Miezi iliyobaki kabla ya safari inatosha. Apike wali, maharage, mchuzi wa samaki na mayai, wadogo zake wale na wamcheke.

Na kwa simu, "umekula?" hujibiwa "ndiyo" siku zote. Mama mjanja huuliza: "Jana usiku umepika nini, na umekaangia mafuta gani?"