Eti Warundi wa Ulyankulu "walishapona"?

Niko fildi huku Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui. Mtandao unakuja na kuondoka, so nitasema harakaharaka. Juzi ofisini kwa walimu tulibishana mpaka chai ikapoa. Hoja ya wenzangu: wale wa Ulyankulu walishapewa uraia, wana mashamba, watoto wanasoma, sasa habari za msongo wa mawazo zinatoka wapi? Mie sikubali hata kidogo.

Wazee wale walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wakawekwa Ulyankulu hapa Tabora, wengine Katumba na Mishamo. Mwaka 2007 serikali ikawapa uchaguzi: kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi wakachagua kubaki, na mwaka 2010 zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Jambo kubwa sana, natoa pongezi. Lakini kukawa na sharti: wahame kwanza, watawanywe mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Na uraia wa Burundi walishaukana! Uhamisho ukasitishwa 2011, vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Piga hesabu mwenyewe. Miaka minne mtu si Mrundi, wala hana karatasi ya Utanzania, na hajui apande muembe au aache, maana kesho anaweza kuambiwa funga mizigo. Halafu mnashangaa mzee halali usiku?

Cheti hakifuti alichokiona mwaka 1972. Na watoto wanarithi. Rafiki yangu mmoja chuoni kazaliwa Ulyankulu, baba yake kazaliwa hukohuko. Ukimuuliza kwao anajibu "Tabora" halafu anabadili mada fasta. Kuna watu bwenini wanamwita "mkimbizi", eti utani. Tabora hii hii ya misafara, ya Wanyamwezi, Waarabu na Wamanyema kutoka Kongo, leo ndiyo inamkazia mtu macho, "kwenu hasa ni wapi?" Jamani!

Sasa huyo mzee asiyelala aende wapi? Mtaani majibu ni mawili tu: karogwa, au kichaa, apelekwe Mirembe. Mirembe iko Dodoma! Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008, lakini huzuni haisubiri basi la kwenda Dodoma. Anatakiwa mtu aliyesomea kusikiliza, akae kwenye zahanati ya karibu, na ikiwezekana aelewe Kirundi, kwani kuna mambo mzee hawezi kuyatamka kwa lugha ya ukubwani.

Mwenzangu mmoja akanijibu, "Hata Wanyamwezi wana stresi, kwa nini hao wapendelewe?" Swali zuri, ila amejijibu mwenyewe. Huyo mhudumu akiwepo hatauliza kabila mlangoni, Mnyamwezi naye atatibiwa.

Na sisi wa ualimu tusijifiche. Saikolojia tunasoma, Piaget tunamkariri hadi usingizini, lakini ukipewa darasani mtoto anayeshtuka kila mlango ukibamizwa, unafanya nini? Wengi tunachukua fimbo. Ushauri nasaha shuleni anabambikiwa mwalimu mwenye vipindi lundo, basi imeisha.

Anayebisha aje na hoja, asije na ile ya "wenyewe wameshazoea". Betri imebaki asilimia sita, na kesho nina vipindi vinne.