Timu Isiyoweza Kusimama

Katika magulio ya Mpanda, baina ya ndoo na kandambili, huuzwa vifuko vyenye timu mbili za kandanda: sanamu ndogo za plastiki, magoli mawili, na mpira usiozidi punje ya mbaazi. Mtoto wa hapa Kawajense akinunuliwa kifuko hicho hufurahi mpaka awapange wachezaji wake sakafuni. Hapo ndipo balaa huanza. Hawasimami.

Sababu yake haihitaji mhandisi. Mchezaji ameundwa katika mkao wa kupiga shuti, mguu mmoja hewani na kifua mbele. Uzito wote umeelemea juu, nacho kitako alichosimamia ni chembamba kama ukucha na chepesi kama ganda la karanga. Upepo wa mlangoni humwangusha beki kabla mshambuliaji hajamfikia. Akianguka mara tatu nne hukatika kifundo cha mguu, mahali ambapo plastiki ni nyembamba kupita kote.

Maradhi haya yana dawa ya zamani. Mwingereza Peter Adolph, alipoanza kuuza mchezo wake wa Subbuteo mwaka 1947, aliwasimamisha wachezaji juu ya vitako vya duara vyenye uzito, hata mchezaji akisukumwa kwa kidole huteleza pasipo kupinduka. Ni kweli kwamba wachezaji wa plastiki waliofuata nao walikatika vifundo, na watoto wa huko wakawaunga kwa gundi. Lakini walisimama.

Tungecheka tukanyamaza, lau si kile kijiguu kinachokatika. Nyumbani kwangu mpwa wangu wa miaka miwili alikwamwa kooni na mguu wa golikipa. Mama yake alimwinamisha na kumpiga mgongoni, ukatoka. Kifuko kile hakikuwa na jina la kiwanda wala onyo la umri. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, lina wajibu hapa, nasi twaliomba lituletee wakaguzi gulioni, wazivute kwa mikono yao sanamu hizo waone kinachobaki vidoleni.

Tena zina uso mmoja tu, wa rangi ya waridi. Hata Lego, ambao vijitu vyao vilikuwa vya manjano tangu mwaka 1978, walingoja hadi mwaka 2003, walipotoa seti za mpira wa kikapu wa NBA, ndipo wakawapa wachezaji rangi za ngozi za watu. Na msichana je? Twiga Stars walicheza fainali za Afrika mwaka 2010 kule Afrika Kusini. Ndani ya kifuko hakuna hata mmoja wao. Wala kijani na njano ya Yanga haimo, jambo ambalo kwa baadhi ya watoto ni msiba mkubwa kuliko yote.

Wakati huohuo vijana wa mtaani kwetu huokota vipande vya mninga kwa maseremala, wakavichonga na kuvisimika juu ya vizibo vya soda vilivyojazwa udongo mbichi. Udongo ukikauka, mchezaji haanguki. Mninga nauamini: ubao niliojifunzia alifu chuoni ulikwisha kupita mikono ya kaka zangu wawili. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, liwatafute vijana hawa, liwapatie mashine ya kukereza, rangi isiyo na sumu na mahali pa kuuzia. Mti upo, maseremala wapo, na vizibo vimejaa kila kilabu.