Chokaa Kwenye Kano za Bega: Chakula Hakina Hatia

Katika vijiji vya nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kumsenga na Kibondo hadi Kasulu, bega ni chombo cha kazi. Mahindi, maharage na mihogo hulimwa kwa jembe la mkono. Ndoo ya maji na mzigo wa kuni hupandishwa kichwani kwa mikono miwili. Mkulima asiyeweza kuinua mkono mvua za kwanza zinaponyesha hupoteza zaidi ya usingizi: huenda akapoteza msimu mzima. Kwa sababu hiyo, maumivu ya bega hayastahili kujibiwa kwa mkato, "ni baridi yabisi", kisha mgonjwa akaondoka na vidonge tu.

Kisababishi kimojawapo kinachosahaulika ni kujengeka kwa madini ya kalsiamu ndani ya kano, yaani ukamba mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Begani, kano inayoathirika zaidi ni ile inayopita juu ya kichwa cha mfupa wa mkono. Ugonjwa huu huwapata hasa watu wa umri wa miaka 30 hadi 60, na wanawake kuliko wanaume. Umehusishwa pia na kisukari na maradhi ya tezi ya shingo.

Mgonjwa anapoonyeshwa doa jeupe kwenye picha ya eksirei na kuambiwa kwamba ana kalsiamu begani, ni rahisi kuhitimisha kuwa ameila kupita kiasi, akaacha maziwa na dagaa. Hitimisho hilo si sahihi. Madini hayo huwekwa na seli za kano yenyewe zilizobadilika tabia, na kwa kawaida kiwango cha kalsiamu katika damu hakijapanda. Kumnyima vyakula hivyo mama anayenyonyesha, au mzee ambaye mifupa yake inadhoofika, ni kumwongezea hasara bila kumpunguzia maumivu.

Jambo la pili linalohitaji kuelezwa ni mwenendo wa ugonjwa. Madini yakiwa makavu kama chaki, yanaweza kukaa muda mrefu bila kusumbua sana. Mwili unapoanza kuyayeyusha, hulainika mithili ya dawa ya meno, na kano huvimba. Hapo ndipo maumivu makali huzuka ghafla, hasa usiku. Kwa hiyo wakati mgonjwa anapoteseka zaidi, mara nyingi mwili umekwisha kuanza kujitibu. Asiyeelezwa hayo hudhani mkono unakufa, akakimbilia kuchanjwa chale au kukandwa kwa nguvu, mambo yanayoweza kuleta vidonda na kuzidisha uvimbe.

Mtoa huduma naye asikimbilie jina la ugonjwa kabla ya kumpima mgonjwa. Bega lenye joto na wekundu, pamoja na homa, lazima lichunguzwe haraka kwa sababu linaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo. Maumivu ya bega yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yanaweza kutoka moyoni. Eksirei ya kawaida huonyesha madini hayo vizuri, lakini watu wengine wanayo bila maumivu yoyote. Kwa hiyo picha isomwe pamoja na maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa mwili. Kupima sukari kwenye damu ni hatua nyingine yenye manufaa.

Wagonjwa wengi hupona bila upasuaji, ingawa inaweza kuchukua wiki au miezi. Siku za mwanzo bega lipumzishwe, na kitambaa cha maji baridi husaidia. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zitumike kwa muda mfupi, baada ya kuuliza kuhusu vidonda vya tumbo, figo, shinikizo la damu na ujauzito. Kuchomwa sindano hizo mfululizo kuna hatari. Maumivu yakipungua, mkono usifungwe tena. Mgonjwa ainame, auache uning'inie na kuuzungusha taratibu, kisha apandishe vidole ukutani kidogo kidogo, ili bega lisigande. Asiyepata nafuu apewe rufaa: sindano ya steroidi, kunyonya madini kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi, au upasuaji kwa wachache, ni kazi ya wenye ujuzi huo.

Si kila zahanati ina mashine ya eksirei, wala haitarajiwi kuwa nayo. Hata hivyo, kila zahanati ina mtu anayeweza kueleza kwa lugha nyepesi kwamba madini haya hayatoki kwenye chakula, kwamba maumivu makali kwa kawaida yana mwisho, na ni dalili zipi zisizopaswa kungoja. Maelezo hayo yahesabiwe kuwa sehemu ya tiba, yatolewe kabla ya vidonge, maana yasipotolewa mgonjwa atayatafuta kwingine.