Simba wa zahabu wa Susa na mukataba wa 1900

Bandugu wa shimo, mu museo ya Louvre kule Paris kuko mukufu wa zahabu wenye Wapersia wa zamani walitengeneza, unapita miaka 2 300. Kwenye ncha zake vichwa viwili vya simba vinaangaliana, na ndani ya zahabu wamepachika vijiwe vya buluu. Ni kazi ya fundi kabisa. Lakini sisi wa sendika tunauliza lingine: ulifika Paris namna gani?

Mwaka wa 1900 Persia, leo Iran, ilitia mukono mukataba na Ufaransa: kila kitu chenye kitachimbwa Susa ni cha Ufaransa. Mwaka wenye ulifuata, watu wa Jacques de Morgan wakagusa sanduku la maiti la shaba. Maiti ilivaa simba wale shingoni, na mikononi bangili za simba vilevile. Vyote vikaenda Paris. Si kuiba, karatasi iliruhusu. Mukataba ukafutwa 1927. Simba hawakurudi.

Susa ileile walipata maandiko ya mufalme Dario juu ya nyumba yake. Anasema wazi: zahabu ilitoka Sardi na Baktria, na wenye waliifua ni Wamedi na Wamisri. Miaka 2 500 iliyopita! (Mwenye alichimba, hapana, ule hata Dario hakumutaja.) Kwetu, zahabu nyingi ya Ituri na Kivu inavuka mupaka, inabadilisha jina, ikifika Dubai inaitwa ya jirani.

Lakini sheria iko. Dekreti ya mwezi wa tano 2011 inaomba kila mukataba wa madini utangazwe ndani ya siku 60. Wangapi kati yetu wameona ule wa mahali wanachimba? Mara nyingi tunaonyeshwa picha ya sherehe tu, wakubwa wanashikana mikono.

Siku watakuja kwenye shimo na karatasi, mbele ya kuimba na kupiga makofi tuulize: inaisha mwaka gani? Na kitu chenye hakikuandikwa kikipatikana, kinakuwa cha nani? Isomwe kwa Kiswahili, sauti juu, wamama wa kutwanga mawe wakiwa pale, juu na wao njo wanakula kwa zahabu ile.